Siku Loisi Alipoandikwa

Nianze na neno lenyewe, maana neno ndilo lililotuponza. Siku hizi mna maneno ya kuchagua. Mtu akiweka herufi kwenye karatasi mnasema anaandika, akiweka sura ya ng'ombe mnasema anachora. Sisi wakati wa Mjerumani, pale Mlali, tulikuwa na neno moja tu, kuandika, na hilo nalo hatukulijua kwa barua wala kwa picha. Tulilijua kwa watu. Akida alikuja na karani na askari, wanaume wenye mabega wakaitwa mbele, na jioni tukaambiana: fulani ameandikwa. Aliyeandikwa alikuwa ameshakwenda kubeba chuma kwenye njia ya gari la moshi, na wengi wao hatukuwaona tena.

Kaka yangu Matonya aliandikwa hivyo. Alikuwa mtu wa mzaha tangu utoto. Hata jina la ubatizo alilikataa, akamwambia mwalimu wa misheni kwamba hilo alilo nalo bado halijachakaa. Karani alipomuuliza jina, Matonya alijibu kwamba yeye anaitwa Kesho, kwa hiyo warudi wakati huo. Karani alicheka, askari wakacheka, na sisi tuliosimama pembeni tukacheka. Kisha wakamwandika. Aliondoka na kibuyu chake cha maji begani, na binti yake Loisi alimsindikiza mpaka kwenye zizi akidhani baba anakwenda kunywesha ng'ombe.

Mke wake, wifi yangu Anyesi, tangu siku hiyo hakumwamini mtu. Mgeni akiomba maji alimpa, hakuwa mchoyo, lakini alibaki amesimama mbele yake akimtazama kwa pembeni mpaka kibuyu kirudi mkononi. Mimi mwenyewe, Dorkasi, dada wa mumewe, nilipokwenda kuomba moto wa kuwashia alitazama kwanza mikono yangu. Sikukasirika. Nasema uongo, nilikasirika sana, lakini nilimwelewa.

Kitu kimoja tu hakikubadilika katika tembe lao, nyumba ile ya paa la udongo, nacho ni kicheko cha Loisi. Alikirithi kwa baba yake. Mtoto alicheka kwa mwili mzima, macho ameyafumba, pengo la meno ya mbele liko wazi, mpaka akakaa chini. Alicheka mbuzi akipiga chafya. Alicheka akisikia neno mlenda likitamkwa na mtu mwenye mafua. Ukipita nje ukamsikia, ulisimama hata kama ulikuwa na haraka zako.

Na ndivyo alivyosimama yule Mzungu.

Alikuja mwaka ule mvua ziliposinyaa, akiwa na wapagazi wachache na mzigo wa makaratasi, ndiyo maana tulimwita Bwana Makaratasi. Hakuwa na askari hata mmoja. Watu wa siku hizi mtasema hilo lingetutuliza. Kwa akili zetu, Mzungu asiye na askari alikuwa amewaficha mahali. Vijana walipelekwa kuchungulia kule makorongoni, wakarudi wakasema hawakuona kitu, na hapo ndipo tulipozidi kuogopa.

Mkalimani wake aliitwa Zaidi, Mrangi wa Kondoa, mwenye kofia safi na Kiswahili kilichonyooka kuliko chetu. Sisi Kiswahili tulikiokota kwa akida na kwa wachuuzi, kila mtu na vipande vyake.

Siku hiyo kitoto cha mbuzi kilikuwa kimeingiza kichwa kwenye kibuyu kilichopasuka, kikashindwa kukitoa. Kilirudi nyuma, kikagonga ukuta, kikageuka, kikamgonga kuku. Loisi alikuwa ameshakaa chini, anacheka mpaka machozi. Nilikuwa napepeta uwele, nikainua macho nikamwona Mzungu amesimama njiani, amefungua mdomo kidogo, anamtazama mtoto. Alisema neno kwa mkalimani wake bila kugeuza kichwa.

Zaidi alinijia. "Mbukwa, mama," akasema. Salamu yetu ya Kigogo alikuwa ameshajifunza.

"Mbukwa."

"Mtoto huyu ni wa nani?"

"Kwani kafanya nini?"

"Hajafanya kitu. Bwana amempenda. Kesho asubuhi aletwe kwa jumbe. Bwana anataka kumwandika."

Ungo ulinitoka mikononi. Nilidhani sikusikia vizuri, nikamwuliza, "Kumwandika mtoto?"

"Ndiyo. Huko njiani ameandika wengi, wazee kwa watoto. Huyu anamtaka hasa kwa hicho kicheko chake."

"Akishamwandika anampeleka wapi?"

"Kwao, Ulaya," akasema Zaidi, akatabasamu kama mtu aliyeleta habari njema. "Kila alichoandika kinakwenda Ulaya. Watu wa huko watamwona na kufurahi."

Nilimshika Loisi mkono nikaingia naye ndani. Kitoto cha mbuzi nilikiacha na kibuyu chake kichwani.

Anyesi aliposikia hakulia wala hakupiga kelele. Aliuliza maneno yale aliyoyasema Zaidi, moja moja, nami nikayarudia, na kila nilipofika kwenye neno Ulaya alinitaka nirudie tena. Kisha tukaenda kwa jumbe.

Jumbe wetu, Yotham, alikuwa amesoma kidogo misheni, na cheo chake kilikuwa cha kusukumiwa kutoka juu. Tulimkuta amekaa mlangoni akijikuna magoti. Alikuwa ameshapata habari.

"Shemeji Anyesi, nimefikiri mpaka kichwa kinauma," akasema. "Mtoto hawezi kubeba chuma. Labda wanataka wa kumlea."

"Ana mama wa kumlea," Anyesi akasema.

"Najua. Lakini nimeambiwa aletwe. Asipoletwa nitaandikwa mimi."

Nilichotaka kumwambia hakimfai jumbe. Nyumbani nilimwambia Anyesi tumfiche Loisi milimani, kwa wajomba zake Wakaguru. Alitikisa kichwa. Alisema Yotham atabanwa, na Yotham akibanwa ataonyesha njia, na huko milimani watachukuliwa wengi badala ya mmoja. Wifi yangu alipima mambo kwa namna ya watu wenye hofu, yaani alipima vizuri sana, lakini alitumia mizani iliyopinda.

"Amemtaka kwa kicheko?" akasema. "Basi hatakiona. Ataletewa mtoto asiye na kitu usoni, na kitu kisichokuwepo hakiandikwi."

Jua lilikuwa bado halijazama. Tulimaliza kukamua, tukamweka Loisi kwenye kigoda uani, na tukaanza kumfundisha. Mimi nilifanywa Mzungu. Nilikivua kile kibuyu kwenye kichwa cha kitoto cha mbuzi nikakivaa mwenyewe kama kofia, nikajipaka majivu usoni, nikatembea kwa kunyoosha miguu. Mama yake alisimama nyuma yangu akamwambia, "Usicheke. Usilie. Usimwonyeshe kitu."

Loisi alicheka kabla sijafika mbele yake. Anyesi akamfinya mkono. Nikarudi, nikaja tena, mtoto akabana midomo, mashavu yakamjaa, akapasuka. Akafinywa tena. Tulirudia hivyo mpaka mkono wa mtoto ukavimba na mimi mwenyewe nikawa nacheka chini ya kibuyu, kwa sababu kicheko chake kilikuwa kinaambukiza na kwa sababu nilikuwa naogopa.

Ndipo Anyesi alipochuchumaa mbele ya mtoto, akamshika magoti.

"Baba yako alicheka na karani," akamwambia. "Ndiyo sababu wakamwandika."

"Wifi," nikasema.

Alinitazama mara moja, akamrudia mtoto.

Loisi alifikiri. Ulimwona akiifikiria siku ile, zizi, kibuyu cha maji begani. "Asingecheka, angebaki?"

"Angebaki."

Haikuwa kweli. Waliocheka waliandikwa, waliolia waliandikwa, na yule mmoja aliyejifanya bubu aliandikwa vilevile, akafundishwa kusema kwa kiboko. Lakini neno lilikuwa limeshatoka kinywani mwa mama, na mtoto alikuwa ameshalipokea.

"Njoo, Dorkasi," Anyesi akaniambia.

Nikaja. Nilikuja na kibuyu kichwani, nikajikwaa makusudi, nikaimba kwa sauti ya puani, nikabweka. Loisi alinitazama. Hakubana midomo, hakukaza mashavu. Alinitazama tu, akisubiri kuona nilichokuwa nakitaka. Nikavua kibuyu mwenyewe, na usiku huo sikula.

Asubuhi watu walikuwa wamejaa kwa jumbe. Bwana Makaratasi aliweka kiti chake cha kukunjwa, akaweka ubao mapajani, na juu ya ubao karatasi. Mkononi alishika kijiti cha makaa. Hilo lilitushangaza, maana makaa tunayo jikoni kila siku na hayajawahi kumpeleka mtu popote. Loisi alikalishwa mbele yake kwenye kigoda. Mama yake alisimama nyuma kidogo, ameshika pindo la kaniki yake kwa mikono miwili.

Mzungu alitabasamu. Loisi hakutabasamu. Mzungu akatoa kengele ndogo, akailiza, akampa, mtoto akaipokea kwa mkono wa kulia kama alivyofundishwa na kuiweka chini. Akampa kitu kitamu kilichofungwa kwenye karatasi ya kung'aa. Loisi akakishika, hakukila. Mzungu akaanza kuandika akaacha, akachana karatasi, akaweka nyingine. Akavuta masikio yake mwenyewe. Akawika kama jogoo, na mtu mzima yule, na ndevu zake zile, aliwika vizuri, nisimnyime haki yake. Watoto wengine ukutani walijizuia kwa shida.

Akainuka kidogo kuwika mara ya pili, na aliporudi kukaa kiti kilikuwa kimeshajikunja. Mzungu akaenda chini, miguu juu, makaratasi yakamfunika. Wote tulicheka. Jumbe Yotham alicheka akijishika tumbo, wapagazi walicheka, Zaidi aligeuka pembeni mabega yakimtikisika. Mzungu mwenyewe alicheka pale chini. Nilimtazama Anyesi, nikaona amefunga macho, anasubiri kusikia sauti ya mwanawe.

Haikutoka. Loisi alikuwa amekaa vilevile. Aliwatazama waliokuwa wanacheka, mmoja baada ya mwingine, kama anawaaga.

Mzungu aliacha kucheka. Hakukiinua kiti. Alikaa pale pale mavumbini, akavuta ubao, akamtazama mtoto kwa muda mrefu bila kuchezesha uso. Kisha akaanza kazi. Safari hii hakusimama wala hakuchana kitu. Kijiti cha makaa kilikwaruza karatasi na uwanja mzima ukasikia, na Loisi akamtazama, na yeye akamtazama Loisi, hata kivuli cha ukuta kikasogea na kutuacha juani.

Alipomaliza alisema neno kwa Zaidi, naye Zaidi akatugeukia. "Ameshaandikwa. Basi, mchukueni."

Hakuna aliyesogea. Anyesi ndiye aliyeuliza. "Anaondoka lini?"

"Nani?"

"Mwanangu."

"Aende wapi?"

"Ulaya. Si ameandikwa?"

Zaidi alimtazama Anyesi, akanitazama mimi, akamtazama jumbe aliyekuwa ameinamisha kichwa. Nikaona kwenye uso wake neno likimgeukia polepole. "Mama yangu," akasema, "imeandikwa sura yake. Karatasi ndiyo inayokwenda Ulaya. Mtoto ni wako, nani amchukue?"

"Ulisema kumwandika," nikamwambia, nikiwa nimeshamsogelea na kidole kiko karibu na pua yake. "Ulisimama mbele yangu na kofia yako ukasema kumwandika."

"Ulitaka nisemeje, mama?"

"Ungesema neno lolote lingine. Hata kuchora."

"Kuchora ni kazi ya kisu na mti," akasema, naye akakasirika kidogo. "Bwana ameshika kisu?"

Ndipo uwanja ulipolipuka. Yotham alicheka mpaka akalazimika kuegemea ukuta, kicheko cha mtu aliyeponea chupuchupu. Wanawake walipiga vigelegele. Watu waliambiana neno lile, kuandika, kuandika, wakapigana mabega. Mimi nilikaa chini kwenye vumbi. Nilifurahi, sijawahi kufurahi vile tena.

Mzungu, alipoelezwa, alishika kichwa chake. Halafu, nadhani kwa kutaka kumtuliza mama, akageuza ubao ili Anyesi aone.

Nilikuwa sijawahi kuona mtu kwenye karatasi. Niliogopa kwanza, kisha nikamjua. Paji lilikuwa la Loisi, masikio yalikuwa ya Loisi, hata lile kovu dogo juu ya nyusi alilolipata kwa kuanguka na mchi. Midomo ilikuwa imefungwa, haikubanwa, imefungwa tu kama mlango wa watu waliohama. Na macho yalikuwa yanatazama kwa pembeni kidogo. Yalikuwa macho ya mtu aliyempa mgeni maji na sasa anangoja kibuyu kirudi.

"Huyu si Loisi," Anyesi akasema.

"Ndiye," Zaidi akamwambia kwa upole.

"Mwanangu hana macho hayo."

Watu walitazama karatasi, wakamtazama mtoto kwenye kigoda, na kicheko kikapungua uwanjani mpaka kikaisha. Kisha wakajitahidi wasimtazame mama. Mimi nilimtazama. Alikuwa amepeleka mkono usoni mwake, anajipapasa chini ya jicho, kama mtu anayetafuta kitu kilichopotea nyumbani kwake.

Mzungu alisema maneno marefu. Zaidi akatafsiri. "Anasema alikuja kutafuta kicheko, hakukipata, lakini amepata kikubwa zaidi. Anasema katika safari yote hajaandika sura nzuri kama hii. Anauliza, hiki kilichomo machoni, kwenu mnakiitaje?"

Neno nilikuwa nalo, la Kigogo na la Kiswahili. Sikumpa. Alikuwa ameshachukua vya kutosha.

Waliondoka kabla ya adhuhuri kuelekea Kondoa, karatasi zimefungwa kwenye ngozi juu ya kichwa cha mpagazi. Anyesi alimbeba Loisi mgongoni mpaka nyumbani, mtoto mkubwa vile, miguu inaning'inia. Alimkalisha uani, akachuchumaa mbele yake, akamshika magoti palepale alipomshika jana.

"Imekwisha," akamwambia. "Hakuja kukuchukua. Lilikuwa neno tu, tulilisikia vibaya. Sasa unaweza kucheka."

Loisi alisikiliza kwa adabu.

"Cheka, mama," Anyesi akasema. Hivyo ndivyo alivyomwita akiwa na furaha, mama, kwa sababu Loisi alipewa jina la bibi yake.

Mtoto hakucheka. Anyesi akakikamata kitoto cha mbuzi, akakivalisha kile kibuyu. Kikarudi nyuma, kikagonga ukuta, kikageuka, kikamgonga kuku. Nilicheka mimi, kwa nguvu kuliko ilivyostahili. Loisi alikitazama kitoto cha mbuzi, kisha akatazama mlangoni kuona kama kuna mtu amesimama.

Basi wifi yangu Anyesi, ambaye tangu Matonya aondoke hatukumwona akicheza hata ngoma ya mavuno, alichukua kibuyu akakivaa mwenyewe. Akajipaka majivu. Akatembea kwa kunyoosha miguu, akajikwaa, akaimba kwa sauti ya puani, akawika kama jogoo. Aliwika huku machozi yakichora njia kwenye yale majivu, na hakuacha. Alizunguka ua wote mpaka akafika mbele ya kigoda, akafungua mikono yake miwili akingoja.

Loisi alimtazama kwa pembeni.

"Mama," akauliza, "na wewe unataka kuniandika?"

Anyesi alibaki amesimama pale uani, kibuyu kichwani.